Ndoana za duara: nimezivulia miezi mitatu Msanga Mkuu

Nilizinunua Mtwara mjini, kwenye duka la nyavu, pakiti ya ndoana 25. Muuzaji aliniambia ndizo wanazovulia halibati kule Alaska. Ni kweli. Halibati ni samaki bapa kama gayogayo wetu, macho yote mawili upande mmoja, ila wa kule anaweza kupita kilo 200, na wavuvi wa mishipi mirefu ya chini wanazitegemea hizi tangu miaka ya 1980.

Mzee ninayevua naye hakuzitaka. "Mwanangu, ncha imegeukia ndani, itamnasaje?"

Hapo ndipo penye kazi. Ukizoea kuchapa mshipi samaki akidonoa, utamkosa, kama nilivyowakosa siku mbili nzima. Mwache achukue, aanze kuondoka nacho chambo, kisha vuta taratibu bila kushtua. Ndoana inateleza na kujigeuza yenyewe kwenye kona ya taya. Chewa wa kwanza nilimpanua kinywa nikatazama: imekaa palepale, tundu dogo, koo halijaguswa. Mzee akaishika, akaigeuza mara mbili, akaomba tano.

Chambo kiwe kipande chembamba cha ngisi. Ukijaza mpaka ncha ifunikwe, hainasi.

Kilichoniudhi ni kutu. Pakiti ya pili ilikuwa na ndoana sita zenye madoa mekundu, na muuzaji alikataa kubadilisha. Nitanunua tena, lakini pakiti nitaifungulia palepale dukani, kabla sijatoa hela.