Kozi ya utafiti ya wiki 6 hapa Malindi: mwalimu nyota 5, ofisi nyota 1

Jamani wenye watoto wanaosoma Marekani na wako nyumbani likizo, hii ni yenu, maana kila nikifungua wasapu nakuta mtu aniuliza ile kozi ya utafiti yafaa ama ni kula pesa za watu. Jibu langu ni zote mbili.

Mpwa wangu yuko mwaka wa 2 huko, anasoma baiolojia, anachotaka ni udaktari. Kule si kama kwetu, hapa ukimaliza fomu foo KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, wanapiga hesabu ya klasta yako, yaani pointi za masomo yanayotakiwa na kozi, kati ya 48, ikitosha unaingia MBChB, digrii ya udaktari, miaka 6 basi. Kule ni digrii kwanza, halafu mtihani wao wa MCAT, halafu ndo uombe, na wakati wa kuomba wanataka kujua nje ya darasa ulikuwa ukifanya nini. Kwa hivyo akaona bango la hiyo ofisi mjini, kozi elfu 35, akaniangalia kwa yale macho, mjomba nikatoa.

Niseme mazuri kwanza. Mwalimu wao ni mtu wa kazi. Wiki ya kwanza kawapeleka visimani na kwenye mitaro kuchota maji na kuhesabu viluwiluwi vya mbu, kijana akarudi nyumbani ananuka tope lakini mdomo haufungi, ati mjomba njoo uone, hawa wanaolala sambamba na maji ni Anofelesi wa malaria, na hawa waloning'inia kichwa chini ni Kuleksi, ndo wale wa matende. Mimi nimezaliwa hapa na hicho kisima nimekinywea maji, sikuwa najua.

Na daftari lake ndo lilinimaliza. Siku moja aliandika 17 akagundua ni 11, akachukua tipeksi, mwalimu akamnyang'anya. Ati hapa hakufutwi kitu, piga mstari mmoja ili ile 17 isomeke, andika 11 kando, tia tarehe na sahihi yako. Nilidhani ni ukali wa bure, kumbe ndo utafiti wenyewe, mtu akija baadaye aone ulikosea wapi na ukasahihisha lini.

Sasa ofisi. Tulipokuwa tunalipa walituambia hii ni kozi ya chuo kikuu na gredi yake itaingia kwenye GPA ya mtoto, yaani wastani wa gredi zake. Uongo. Kijana alimwandikia imeili mshauri wake wa chuo, akajibiwa kuwa hakuna gredi itakayohesabiwa ikiwa chuo chake hakikuikubali hiyo kozi, na alitakiwa aulize kabla hajalipa. Angefanya kozi ya utafiti palepale chuoni kwake, ile yenye kredit, gredi ingehesabiwa. Hii ya kwetu itaingia tu kwenye orodha ya shughuli za nje ya darasa kwenye fomu ya kuomba udaktari, nafasi ziko 15, na 3 unaruhusiwa kuzieleza kwa urefu. Si haba, lakini si tulichouziwa. Pia kijana mwenyewe ameniambia vyuo vingi vya udaktari havilazimishi utafiti, wanaobanwa hasa ni wale wanaotaka MD na PhD pamoja, yaani udaktari wa hospitali na ule wa utafiti, wengine wanaulizwa zaidi kama wamewahi kukaa karibu na mgonjwa.

Halafu barua. Wakataka elfu 5 za barua ya kumpendekeza, itiwe sahihi na mkurugenzi ambaye mtoto hajapata kumuona hata kivuli! Na barua zenyewe kule mwandishi anazituma mwenyewe, muombaji habebi kwenye bahasha kama barua ya chifu. Tukakataa, tukamuomba yule mwalimu, kakubali bila hata senti.

Jirani yangu naye binti yake anangoja KUCCPS, akaambiwa kozi itamsaidia kupata udaktari hapa nchini. Mama weka pesa zako, pale wanaangalia KCSE, ule mtihani wa fomu foo, hakuna mahali pa kuweka cheti cha mbu.

Cheti sasa. Kimekuja kizuri, kimetiwa dhahabu, kimeandikwa masaa 200. Mimi nikafurahi, mpwa wangu kanuna. Akanipigia hesabu mezani, wiki 6, siku 4 kwa wiki, masaa 4 kwa siku, ni 96. Akasema mjomba hii nikiipeleka halafu mtu akaniuliza kwenye intavyuu masaa 200 ulifanya nini nitasema nini, na daftari langu lina tarehe zote. Nikamwambia kweli bwana, mwalimu kakufundisha.

Tukarudi ofisini kuomba kibadilishwe. Yule dada wa mapokezi katuangalia kama tumerukwa na akili, ati watu huja kuomba waongezewe masaa nyinyi mnataka mpunguziwe? Cheti kipya ni elfu moja mia tano. Kijana amesharudi chuo, ameandika 96 kwenye karatasi zake, na hicho cha dhahabu kiko hapa kwangu juu ya friji.