Tahadhari visiwani: kituo kimoja cha taifa au kamati za vijiji?

Kituo kimoja cha tahadhari makao makuu kina faida yake, tena kubwa. Kimbunga huonekana siku kadhaa kabla hakijafika, kwa hiyo ofisi moja yenye picha za setilaiti hutoa kauli moja, na meli, shule na hospitali zote zikapokea amri ileile. Kauli zikiwa mbili, watu hubaki nyumbani wakibishana.

Tsunami inayoanzia karibu na pwani haitoi nafasi hiyo. Samoa, katika Bahari ya Pasifiki, Septemba 2009, mawimbi yalifika dakika chache tu baada ya tetemeko. Muda huo haumtoshi hata ofisa kuandika ujumbe na kumsaka mkubwa wa kuuidhinisha. Hapo ndipo kamati ya kijiji inaposhinda, kwa kuwa wakazi waliofundishwa hukimbia bila kungoja amri. Huko Baie Martelli, kisiwani Pentecost, Vanuatu, wakazi walikuwa wameonyeshwa video ya tsunami ya Papua New Guinea. Wiki chache baadaye, Novemba 1999, ardhi ikatikisika usiku na bahari ikajivuta. Wakakimbilia mlimani. Kijiji kilisombwa, lakini karibu wote wakapona.

Kituo kina udhaifu mwingine: mawasiliano. Januari 2022 volkano ya Hunga Tonga ilikata kebo ya chini ya bahari, na Tonga ikatengwa na dunia.

Kamati nazo hulegea. Mazoezi yakikoma, vipaza sauti vya tahadhari huishiwa betri bila mtu kujua. Hata hivyo, fedha zikiwa chache, mimi ningeanza na vijiji. Utabiri wa vimbunga unaweza kugawanwa na nchi jirani. Njia ya kupanda mlimani haiwezi.