Halloween: H20 ya 1998 au ile ya 2018?

Mashabiki wa Halloween, mfululizo wa filamu za kutisha, hawaachi kubishana: Jamie Lee Curtis alirudi vizuri zaidi mwaka 1998 au 2018?

Kwa urefu, H20 inashinda kirahisi. Dakika 86, haizunguki. Ya 2018 ina 106, na yule daktari wa muuaji Michael Myers anakula muda bure.

Laurie, mhusika wa Curtis, ndiye kiini cha ubishi. Wa 1998 amejificha California kwa jina la Keri Tate, mkuu wa shule anayekunywa kwa kujificha na kushtuka ovyo. Wa 2018 ameigeuza nyumba kuwa ngome: taa kali nje, bunduki, na kabati la jikoni linalosogea kufunua ngazi za chumba cha chini. Hofu hiyo ilimfanya anyang'anywe binti yake, na maumivu ya binti huyo unayaona usoni kabisa. Hapa 2018 iko mbele sana. Muziki pia, maana John Carpenter mwenyewe, mwongozaji na mtunzi wa muziki wa filamu ya kwanza, alirudi.

Mwisho? Shoka la H20, Laurie anapomkata Michael kichwa, linakata kiu, ingawa filamu iliyofuata, Resurrection ya 2002, ilikuja kulitengua.

Ukitaka filamu moja kisha ulale, chukua H20. Ukiwa na wikiendi nzima na uvumilivu wa kufika hadi Halloween Ends ya 2022, ya mwisho kati ya tatu zinazofuatana, iliyogawanya mashabiki vibaya, anza na 2018.