Pedi za Xbox na PlayStation kwenye laptop: mkono umefurahi, sikio limenitoa jasho

Niseme mapema: kutumia pedi ya gemu isiyo na waya kwenye kompyuta si kazi tena. Kinachosumbua ni sauti. Anayefikiria kununua vyote viwili kwa mpigo asome hadi kwenye hedseti kabla hajatoa hela.

Natumia laptop ya Windows 11, nacheza zaidi mpira na mbio za magari, usiku watu wakishalala, kwenye chumba cha kupanga hapa Dar. Konsoli, yaani mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye TV, sina na sina mpango nayo. Umeme ukikatika dakika ya 85, laptop inaendelea na betri yake, pedi haina habari, na mechi inaisha kihalali.

Pedi ninayoishika kila siku ni ya Xbox, ile iliyotoka 2020 pamoja na konsoli za Series X na Series S. Kuiunganisha ni kushikilia kitufe kidogo kilicho juu yake, karibu na tundu la USB-C, mpaka taa ya nembo ianze kuwaka na kuzima harakaharaka, halafu unaichagua kwenye orodha ya Bluetooth. Basi. Karibu kila gemu la kompyuta linaitambua hapo hapo, na herufi zinazotokea kwenye skrini ndizo hizo hizo zilizo chini ya dole gumba lako.

Inatumia betri mbili za AA, zile ndogo za kawaida. Watu wengi wanalilalamikia jambo hilo, mimi nalipenda: betri ikichoka unaweka nyingine, mchezo unaendelea. Ila achana na zile za bei chee zinazoning'inia dukani. Zinakata mapema, na ukizisahau ndani zinatoa maji yanayokula vyuma. Tafuta za kuchaji, seti mbili, moja iwe kazini na nyingine kwenye chaja.

Unayenunua ya mtumba, iwe Kariakoo au kwa mtu wa mtandaoni, itazame usoni kwanza. Pedi za kwanza za Xbox One, za 2013, hazina Bluetooth kabisa. Ilianza kuwekwa 2016, na zile za Xbox One S. Angalia plastiki inayozunguka kitufe cha nembo. Ikiwa imeungana na vile vitufe vya mabegani, LB na RB, hiyo ni ya zamani. Ikiwa ni kipande kimoja na uso wa pedi, Bluetooth imo. Muuzaji atakuapia kwamba zote ni sawa. Ya zamani si ya kutupa, lakini itataka waya, au kidude cha USB cha Microsoft kiitwacho Xbox Wireless Adapter, na hicho ni gharama nyingine juu ya bei uliyopewa.

DualSense, pedi ya PlayStation 5, nayo nimeitumia sana, na kwa raha ya mkono naiweka mbele. Unashikilia kitufe cha Create na cha PS kwa pamoja hadi taa ipepese, Bluetooth inaiona. Ndani ya Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, haina neno, washa tu msaada wa pedi za PlayStation kwenye mipangilio. Nje ya Steam ndipo vituko vinaanza, maana gemu nyingi za Windows zimeandikwa zikiijua pedi ya Xbox tu. Inabidi uliingize gemu hilo kwenye Steam kama gemu la nje, au uweke programu ya bure ya DS4Windows, ambayo huidanganya kompyuta kwamba umeshika Xbox. Na hapo skrini inakuambia bonyeza X. Kwenye DualSense alama ya msalaba iko chini, lakini X ya Xbox iko kushoto, palipo na mraba kwako. Mdogo wangu alipoteza penalti kwa hilo na hakukubali maelezo.

Kitu kingine cha kujua kuhusu DualSense: vile vifyatulio vinavyokaza (vitufe vya L2 na R2) na mtikisiko wake laini, kwenye kompyuta, kwa gemu nyingi zinazovitumia, hutaka waya. Marvel's Spider-Man Remastered ilipokuja PC mwaka 2022 ilikuwa hivyo. Na ukishachomeka waya, Windows inaiona pedi kama kifaa cha sauti pia, kwa kuwa ina spika, maikrofoni na tundu la hedfoni. Mara sauti ya laptop inapotea ghafla. Haijaharibika, imehamia kwenye pedi. Bonyeza alama ya spika pale chini kulia, uirudishe.

Sasa hedseti. Tundu la 3.5 mm lililo chini ya pedi linavutia, unaona ni suala la kuchomeka tu na kusikiliza. Kwa Bluetooth kwenye Windows usilitegemee, iwe Xbox au DualSense. Ya Xbox hupitisha sauti ikiwa imeunganishwa kwa waya au kwa kile kidude chake cha USB. DualSense hutaka waya. Kwa hiyo aliyenunua pedi ya Bluetooth ili achomeke hedfoni zake humo, hatasikia kitu.

Nikatumia hedseti ya Bluetooth, jina nalihifadhi. Kwa muziki ni nzuri sana. Kwenye mpira, wavu unatikisika kwanza, kishindo cha shuti kinafuata. Kwenye mbio za magari unabadilisha gia kwa macho, maana mlio wa injini umechelewa. Kibaya zaidi ni ukifungua Discord upige soga na wenzako: sauti yote inashuka, mtangazaji anasikika kama yumo ndani ya pipa. Si ubovu wa hedseti. Bluetooth ya kawaida haiwezi kubeba stereo safi na maikrofoni kwa wakati mmoja, hivyo maikrofoni ikifunguka kila kitu kinahamia kwenye mfumo wa kupigia simu. Dawa ni kwenda kwenye mipangilio ya Discord na kuchagua maikrofoni ya laptop badala ya ile ya hedseti. Sauti safi inarudi, japo wenzako watasikia na feni lako.

Iliyonituliza ni hedseti yenye kidude chake cha USB cha mawimbi ya 2.4 GHz. Zile zilizotengenezewa PlayStation, mfano Pulse 3D, kidude chake kikichomekwa Windows inaiona kama spika ya USB ya kawaida, bila programu yoyote. Ile sauti ya pande zote ya PS5 haiji nayo, lakini kuchelewa kunakoma, na maikrofoni haishushi ubora wa chochote.

Usikichomeke tu kidude hicho jirani na diski ya nje ya USB 3.0. Milango hiyo ikiwa kazini hutoa kelele kwenye masafa yale yale ya 2.4 GHz, na utasikia sauti ikikatikakatika huku pedi nayo ikichelewa kuitika. Kihamishie upande wa pili wa laptop, au tumia kiwaya kifupi cha kurefusha USB kukiweka mbali kidogo. Na kama ruta yako ina 5 GHz, hamishia Wi-Fi huko, isigombanie hiyo 2.4.

Mwenye hela ya kitu kimoja anunue pedi. Sauti ichukuliwe kwa hedfoni za waya za simu, zichomekwe kwenye laptop yenyewe. Hazichelewi hata kidogo na hazidai chaji.