Eti kwetu hakuna baridi

Fundi kijana aliyetumwa na kampuni ya springla alikaa uani kwangu dakika 11. Nina uhakika, kwa sababu chai niliyomtengenezea ilikuwa bado inafuka moshi alipowasha gari akaondoka. Kazi yenyewe ilikuwa kutoa kwa upepo maji yote kwenye mabomba ya springla za kumwagilia bustani kabla winta haijaingia. Zoni sita, yaani bustani imegawanywa mafungu sita, kila moja hupulizwa peke yake. Dakika 11!

Kwa mliohamia Minnesota majuzi: mabomba haya yamefukiwa shubiri moja na ushee tu, na baridi ya huku hushuka ardhini hata mita nzima. Maji yakibaki humo yataganda, yatavimba, na kitakachopasuka kitapasuka.

Nilishtuka alipoteremsha kakompresa ka kujazia matairi. Nikamuuliza, kaka, hako katatosha? Akasema presha ipo. Presha! Mabomba laini kama yangu hayatakiwi hata kuzidi psi 50, kipimo kile kile cha upepo wa matairi. Kinachotakiwa ni upepo mwingi usiokatika. Kale kakompresa kakipuliza sekunde chache kanaishiwa, kanaanza kunguruma kujijaza upya. Vichwa vya springla vikichomoza kwenye nyasi, vikitema maji kidogo, phuu, vikizama tena. Vilitakiwa vipulizwe mpaka utoke ukungu mtupu. Ukungu sikuuona.

Theluji ilipoyeyuka nikafungulia maji taratibu, kama inavyotakiwa. Ile valvu ya shaba ukutani, inayozuia maji ya bustani yasirudi kwenye maji ya kunywa, ikanirushia maji usoni. Ufa ulikuwa mpana, ukucha unaingia. Koki zake mbili huachwa nusu, nyuzi 45, ili maji yasinaswe ndani. Yeye alizifunga kabisa, na mimi niliziona, nikanyamaza nikidhani fundi ndiye anayejua. Hilo kosa langu, nakubali.

Ningeishia kununua valvu nyingine na kusahau. Lakini nikapiga simu ofisini kwao, na dada aliyepokea akanijibu kwa sauti ya kumbembeleza mtoto: labda kwa kuwa kwenu hakuna baridi, hukuelewa maelekezo. Maelekezo yapi? Karatasi hata moja sikuachiwa! Ndiyo, nimezaliwa Tanga. Lakini nimezoa theluji kwa koleo huku miaka tisa, mlangoni kwangu na kwa jirani yangu Mkisii ambaye mgongo unamsumbua. Kwetu ndipo hapa, dada.

Nisiwaonee. Mwaka wa nyuma walimleta mzee mmoja, kompresa kubwa inavutwa na gari, maneno machache, akazunguka zoni moja moja karibu saa nzima, kisha akarudia ya kwanza kwa sababu hakuridhika. Yule ningempa nyota tano na sahani ya pilau. Kwa ajili yake nilikuwa nimeandika hapa nyota tatu, na ushauri kwamba mkiwaita mwombeni mzee.

Kabla sijatuma, imeingia barua. Wananidai pesa za fundi wao kuja kuitazama valvu iliyopasuka. Kuitazama tu, maana hakuigusa.

Nyota moja. Na huyo mzee, kama bado yupo, aje kwangu mwenyewe bila ofisi. Chai ipo.