LIME kwa picha: itakuonesha modeli imeangalia wapi, ila usiimeze nzima nzima

Naitumia LIME, kifaa cha Python kinachokuonesha modeli ya AI imetoa jibu kwa kuangalia nini, kwenye modeli yangu ya kutambua magonjwa ya majani ya muhogo, zile picha za chuo cha Makerere zaidi ya 21,000 walizopiga wakulima Uganda, makundi matano na ugonjwa wa batobato ndo umejaa kuliko yote. Mnaouliza kama inafaa, inafaa, na ni bure, unaandika pip install lime (amri ya kuiweka kwenye kompyuta) basi, ila kuna vitu uvijue kabla hujaenda kujitapa nayo kwa bosi.

Sio uchawi jamani. Inaikata picha vipande vipande kwa kufuata rangi, alafu inaficha baadhi inaipa modeli, inaficha vingine inaipa tena, mara 1,000 kama hujagusa namba, huku inaandika kila jibu. Yaani ni kama unamziba mtu picha ya harusi kwa kiganja unamuuliza bi harusi bado unamjua? Ukiziba uso akapotea, umeshajua alikuwa anaangalia nini. Mwisho inapiga hesabu rahisi kipande kipi kimechangia kiasi gani. Ndani ya modeli haiingii kabisa, ndo maana haichagui modeli.

Raha yake ni kukamata modeli inayobahatisha. Kuna picha modeli ilisema michirizi ya kahawia, ugonjwa mwingine wa muhogo, na ni kweli ni michirizi ya kahawia, kwa alama za usahihi hapo imepata, LIME ikachora mistari yake ya njano kuzunguka udongo na kidole gumba cha aliyeshika jani!! Jani lenyewe limeambulia kakipande pembeni. Nikakata picha libaki jani tupu, jibu likageuka batobato. Walioitoa hii kitu 2016, Ribeiro, Singh na Guestrin, walitega mtego wa hivi makusudi, wakafundisha modeli itofautishe mbwa wa husky na mbwa mwitu kwa picha 20 tu, mbwa mwitu wote nyuma yao kuna theluji, basi modeli ikashika theluji ikaachana na mnyama.

Kero sasa. Bila GPU, ile chipu ya kuharakisha hesabu, utasubiri mpaka uchoke, picha moja ni modeli kujibu mara 1,000. Alafu ukirudia picha ileile unaweza kuletewa vipande vingine, maana kuficha kwenyewe ni kwa bahati nasibu, kwa hiyo funga random_state (namba inayofanya bahati nasibu ijirudie vilevile) na uongeze num_samples (idadi ya majaribio, ile 1,000). Ukibadili ukataji napo maelezo yanabadilika. Na kipande kilichofichwa kinapakwa rangi ya wastani, modeli inaulizwa picha za ajabu ambazo haijawahi kufundishwa, hii mi ndo inanikera zaidi. Kingine, wakati wa kuchora, mpangilio wa positive_only weka False, la sivyo utaona vipande vinavyounga mkono tu, vinavyopinga huvioni.

Grad-CAM ya 2017, njia nyingine ya kuonesha modeli imeangalia wapi, ni haraka mno, lakini lazima uingie ndani ya modeli, na kwa ResNet-50, modeli ya picha inayotumika sana, ramani yake ni miraba 7 kwa 7 imevutwa ikae juu ya picha ya pikseli 224 kwa 224, madoa madogo yote yanamezwa na wingu jekundu moja. Mi nachuja na Grad-CAM, zinazonitia shaka ndo napeleka LIME.

Nyota 4 kati ya 5. Ila kama picha unampelekea bwana shamba, ziba kwanza eneo ambalo LIME imelichora kwa mkono wako uone kama jibu kweli linabadilika.