Karakana ya pampu na nozeli, njia ya Wesha, Chake Chake: tathmini ya mteja mwenye kijiko cha zamani

Kwa muda wa wiki tatu za kipupwe, kijiko changu, yaani mashine ya kuchimbia misingi na makaro, kilikuwa hakiwaki asubuhi mpaka jua lipande. Hata kikiwaka, kilifanya kazi nusu saa tu, kikaanza kukata, kikashusha nguvu kikiwa kimenyanyua udongo, kisha kikazima. Fundi wa kwanza niliyemwita, ambaye sitamtaja, aliifungua pampu inayosukuma dizeli kwenye injini hapo hapo uwanjani juu ya kipande cha boksi, akairudisha, akapuliza etha, dawa inayoshika moto upesi, kwenye njia ya hewa ili injini ishtuke, na mwisho akaniambia kwamba pampu imekwisha na ninunue nyengine kwa shilingi 1,400,000. Nilikuwa nimeshaanza kuzitafuta fedha hizo pale dereva mmoja wa lori la mchanga aliponielekeza kwenye karakana ya pampu na nozeli iliyopo njia ya Wesha. Kazi waliyonifanyia imenigharimu chini ya robo ya fedha hizo na pampu ni ile ile, kwa hiyo naona ni haki yao niieleze kwa kirefu.

Mashine yenyewe ni ya miaka ya 1980, ililetwa kutoka Uingereza ikiwa imeshatumika, na injini yake ni Perkins 4.236, ambayo wengi wenye mashine Pemba wanaijua: tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda, na 236 ni ujazo wake kwa inchi za ujazo, yaani karibu lita 3.9. Pampu yake ni ya kampuni ya CAV, aina ya DPA. Pampu hii haina oili yake, bali hulainishwa na dizeli ile ile inayopita ndani yake, na kwa sababu hiyo maji yakichanganyika na dizeli hayaishii kuizuia injini isiwake, hula pia vyuma vya ndani ambavyo vimesagwa vikae kwa nafasi ndogo isiyoonekana kwa macho. Mtu anayeifungua pampu hiyo penye vumbi anaidhuru hata kama nia yake ni njema, na hili nililijua baada ya kuelezwa, wakati yangu imeshafunguliwa.

Walikuja wawili, mzee mwenye karakana na kijana wake, saa moja asubuhi, kwa sababu niliwaambia kwamba tatizo linaonekana asubuhi tu. Mzee hakushika spana. Aliuliza kwanza: usiku tangi hubaki na dizeli kiasi gani, maji yalimwagwa lini mara ya mwisho, na stata inapozunguka bomba la moshi hutoa moshi mweupe au halitoi kitu. Nilimjibu kwamba halitoi kitu kabisa mpaka injini ikaribie kushika. Akasema, “Basi mwanangu, pampu tutaigusa mwisho. Moshi mweupe ungeniambia kwamba dizeli inafika lakini haiungui. Hapa dizeli haifiki.” Kisha akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa na kukifuta kwa kidole, kwa sababu kiwambo cha pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka tangini kikipasuka, dizeli huvujia kwenye oili na oili huzidi kipimo. Yangu ilikuwa salama.

Baada ya hapo walifungua koki ya chini ya tangi na kukinga dizeli katika chupa ya kioo ya lita moja, wakaiweka juu ya tairi na kutuambia tusiiguse. Baada ya dakika ishirini hivi chupa ilikuwa na sehemu mbili: juu dizeli yenye rangi ya chai ya rangi, na chini, upana wa vidole viwili, maji. Palipokutana maji na dizeli palikuwa na utando wa rangi ya kahawia unaoning'inia kama uzi wa buibui uliolowa. Kijana alitia kijiti akautoa, ukateleza kama kamasi ya bamia. Ule ni uhai, si uchafu wa barabarani: bakteria na kuvu huishi pale kwenye mpaka, vinahitaji maji ili viishi na vinakula dizeli yenyewe, na utando wao ndio unaoziba chujio la tangi na filta. Mimi niliwahi kuuona utando huo mara nyingi nikibadilisha filta, nikadhani ni lami ya dizeli mbaya.

Jaribio la pili ndilo lililonifanya niwaamini. Walikata mpira wa kati ya tangi na pampu ndogo, wakaunga hapo kati kipande cha mpira mweupe unaopitisha mwanga, wakapiga stata. Ndani ya mpira ule dizeli ilikuja na viputo vidogo mfululizo, kama punje za ufuta zinazofuatana, na kila baada ya muda kiputo kimoja kikubwa kilikatiza njia nzima. Dizeli ilikuwa haivuji popote, hakuna tone chini ya mashine, kwa hiyo hakuna fundi aliyewahi kufikiria kwamba pana tundu. Lakini upande wa kuvuta, mpira ukiwa na ufa, dizeli haitoki nje. Hewa ndiyo inayoingia ndani. Usiku kucha, kwa ufa ule ule, dizeli hurudi tangini taratibu na njia hubaki tupu, na asubuhi stata inazungusha injini inayopewa hewa.

Kisha wakaning'iniza dumu safi la lita tano juu ya boneti, wakateremsha mpira kutoka kwenye dumu moja kwa moja mpaka kwenye filta, wakatoa upepo kwa kulegeza skrubu za filta na za pampu moja baada ya nyengine. Injini ikawaka kwa mpigo wa kwanza, ikanguruma robo saa bila kukata, tukanyanyua udongo, tukachimba. Mzee akaniambia, “Umesikia? Pampu yako inafanya kazi. Ugonjwa uko kati ya tangi na hapa.” Fundi yeyote mwenye dumu na mpira wa mita mbili anaweza kulifanya jaribio hilo, na kwangu mimi halikufanywa mpaka nilipokuwa karibu kununua pampu.

Hapa lazima niseme neno kuhusu baridi, kwa sababu sote tulikuwa tukiilaumu. Ni kweli kwamba dizeli ina nta ndani yake, na katika nchi za baridi kali nta hiyo huanza kuganda, dizeli ikafanya ukungu, kisha filta ikaziba kabisa. Ndiyo maana Uingereza dizeli ya majira ya baridi hutengenezwa iweze kupita kwenye filta mpaka nyuzi 15 chini ya sifuri, na ndiyo maana mashine yangu, iliyozaliwa kule, ina kifaa kidogo kwenye njia ya hewa kinachochoma dizeli kidogo ili kuipasha hewa moto kabla ya kuwasha. Kipupwe chetu, hata siku za mchoo, zile mvua ndogo za kipupwe, ambapo tunavaa makoti, asubuhi huzunguka nyuzi 20 na kitu. Nta haigandi kwa joto hilo. Ambacho kipupwe hufanya ni kuyafichua maradhi yaliyopandwa wakati wa masika: tangi lililoachwa nusu kwa wiki kadhaa za mvua huvuta hewa yenye unyevu, usiku unyevu ule hushika kwenye kuta za bati na kuteremka chini, na kofia ya tangi yenye mpira uliokatika huongeza maji ya mvua juu yake. Mpira mkavu wa zamani nao hukakamaa zaidi asubuhi yenye ubaridi, ufa ukafunguka. Oili huwa nzito, na stata huzunguka polepole. Jua likipanda mpira hulainika kidogo, na sisi tunasema mashine imepata joto.

Kwa sababu ya imani hiyo ya baridi nilikuwa nikichanganya mafuta ya taa kwenye dizeli. Mzee alinikataza kwa ukali, na nakubaliana naye: kwenye baridi ya kugandisha nta watu huyachanganya kwa sababu, lakini hapa hayana kazi yoyote zaidi ya kuipunguzia dizeli ulainishaji ambao pampu inautegemea. Etha aliikataza kwa ukali zaidi, kwa kuwa ikikutana na kile kifaa cha moto kwenye njia ya hewa inaweza kulipuka pale pale, na hata bila kifaa hicho huipiga pistoni vibaya.

Matengenezo yenyewe hayakuwa ya ajabu. Walilishusha tangi, wakaliosha kwa dizeli safi mara tatu, wakatoa chujio la mdomo wa bomba la kuvutia, ambalo lilikuwa limefunikwa na utando kiasi kwamba mwanga haupiti, wakabadilisha mpira wote wa kuvuta na vibano vyake, wakatia filta mpya na oringi zake, yaani pete za mpira. Fundi wa kwanza alikuwa amerudisha washa za shaba (pete za kuzuia uvujaji) zile zile kwenye bolti zenye tundu la kupitishia dizeli na kuzipaka gundi. Hawa walizitupa zote, wakanieleza kwamba gundi ikivunjika vipande vyake huingia kwenye pampu. Mwisho walinifungia filta ya maji yenye bakuli la kioo kati ya tangi na pampu ndogo, ili kila asubuhi niweze kuyaona maji kabla hayajafika mbali.

Nililipa shilingi 40,000 ya uchunguzi, ambayo huiondoa kwenye hesabu ya mwisho ukiwapa kazi, na jumla pamoja na vifaa ilikuwa shilingi 310,000. Risiti niliipata nilipoiomba, ikiwa imeandikwa kila kifaa na bei yake, na vifaa vya zamani nilikabidhiwa ndani ya mfuko. Ningependa risiti itolewe bila kuombwa.

Yapo mengine ambayo sikuridhika nayo. Niliahidiwa siku mbili, zikawa nne, kwa sababu washa za vipimo vile hazikupatikana Pemba zikasubiriwa kwa meli kutoka Unguja, na sikupigiwa simu. Nilijua nilipokwenda mwenyewe. Mteja aliyepangiwa kazi ya kuchimba na mtu mwengine anahitaji taarifa hiyo siku ile ile. Pia karakana haina benchi ya kupimia pampu, kwa hiyo pampu iliyokufa kweli hupelekwa Unguja, na mwenye haraka alijue hilo mapema. Wao hawalifichi, walinieleza kabla sijauliza. Nozeli wanazipima wenyewe kwa mashine ya mkono, na niliiona ikitumika kwa nozeli za mteja mwengine: dizeli inatakiwa itoke kama ukungu mwembamba, na moja ilikuwa ikitoa mchirizi.

Jambo linalonisumbua zaidi ni yale maji machafu ya tangi. Waliyakinga kwenye pipa, si kuyamwaga chini kama nilivyozoea kuona kwengine, na kwa hilo nawasifu. Lakini pipa halina kifuniko, limewekwa uwanjani, na mvua ikinyesha litafurika. Eneo lile lina nyumba zinazotumia visima. Nilimwambia mzee, akakubali na kusema atalisogeza chini ya paa. Nilipopita wiki iliyofuata lilikuwa bado pale pale, na ninaandika hapa kwa matumaini kwamba atalisogeza kweli, kwa sababu mtu anayejua kiasi hiki madhara ya maji kwenye dizeli anajua pia madhara ya dizeli kwenye maji.

Kwa mwenye nia ya kwenda: wapigie usiku au alfajiri ikiwa tatizo lako ni la asubuhi, na usiiwashe mashine kabla hawajafika, maana njia ikishajazwa dizeli viputo vinapungua na dalili inapotea. Usimwage maji ya tangi ili kuwarahisishia kazi, waachie wayaone. Ijumaa hufanya kazi mpaka karibu na sala, na mashine za mbali, kama za Konde na Makangale, huongezewa nauli ambayo mimi naiona ya haki kwa barabara zilivyo.

Sasa ni mwezi wa pili tangu matengenezo. Kila jioni najaza tangi kabla ya kuondoka ili hewa isipate nafasi ndani yake, na kila asubuhi kijana wangu hufungua koki ya bakuli la kioo; siku kumi za mwanzo yalitoka matone ya maji, kisha yakakoma. Injini inawaka kwa mpigo mmoja. Bado inatoa moshi mweusi kidogo ikibeba mzigo mzito, na mzee aliniambia siku ile ile kwamba nozeli mbili zitahitaji kutazamwa lakini zinaweza kusubiri nikusanye fedha. Mwezi ujao nitampelekea.